Wimbo wa siasa: umfariji msikilizaji au umnyime usingizi?

"Ninaongoza kikundi cha waimbaji kumi na wanne. Mwaka jana nilitunga wimbo kuhusu familia zilizovunjiwa nyumba usiku bila kupewa muda wa kuhama. Ubeti wa pili unamtaja mama ambaye hadi leo anatunza ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Mara ya kwanza tuliuimba kwa gitaa na sauti laini. Watu waliwasha tochi za simu, wakayumba nasi, wengine wakalia, na mwisho wakaja kutushukuru kwamba tumewafariji. Nilirudi nyumbani na aibu, kana kwamba nimewaimbia bembelezi. Nikaupanga upya: tukagonga mabati, sauti tukazigonganisha makusudi, na wimbo tukaukata katikati ya neno. Safari hii wengine walitoka kabla haujaisha. Mzee mmoja aliniambia, 'Tulikuja kusikiliza, hatukuja kugombezwa.' Na mama mmoja ambaye mwenyewe alivunjiwa nyumba alitoka akitetemeka. Nasikia hakulala siku kadhaa. Mwenzangu kikundini anasema wimbo wa siasa usiomkera msikilizaji ni wimbo uliokwisha kuuzwa. Mwingine anasema watu wameumia vya kutosha, tuwape faraja. Nani yuko sahihi?"

Ndugu mtunzi, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: kwenye ufunguo. Nitaurudia. Kwanza niseme nilivyokuelewa.

Naona maswali mawili yamefungwa kamba moja. La kwanza ni la dhamiri: je, nimeyageuza maumivu ya watu kuwa burudani? La pili ni la huruma: je, nimemtonesha mtu aliyekwisha kuumia? Wenzako wawili kila mmoja ameshika swali lake akadhani ndilo lote. Nimefanya kazi na wanakwaya na watunzi kwa miaka mingi, na mabishano haya huwa yanakwama mahali pamoja, pale watu wanapozungumza juu ya "msikilizaji" kana kwamba ni mtu mmoja. Ukumbini kwako siku zile mbili walikuwapo walau wawili. Yupo aliyeona ukuta wake ukianguka, na yupo aliyelala salama usiku uleule. Wimbo mmoja hauwezi kuwafanyia hao wawili jambo moja, na haupaswi. Kwa hiyo mimi sitakujibu ufariji au usumbue mpaka tujue unamfariji nani, unamsumbua nani, na kwa jambo gani.

Nianze na huyu anayesema wimbo usiokera umeuzwa. Ana hoja, nami nitaifikia, ila anaichukulia faraja kama dawa ya usingizi, na historia haimuungi mkono. Tarehe 31 Julai 1959 polisi walivamia Highlander, shule ya watu wazima huko Tennessee, Marekani, ambako weusi na weupe walikuwa wakikutana kujifunza namna ya kudai haki. Taa zikazimwa. Vijana waliokuwamo wakabaki gizani huku askari wakipekua kila chumba. Mle gizani wakaanza kuimba "We Shall Overcome", yaani tutashinda, wimbo ambao miaka kumi na kitu nyuma yake ulikuwa umeimbwa na wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku waliogoma kule Charleston, mwaka 1945 hadi 1946. Wakauongezea ubeti palepale: hatuogopi. Msichana mmoja aliyekuwamo alisimulia baadaye kwamba askari mmoja alikuwa akitetemeka, akawaomba kwamba kama ni lazima waimbe, basi wasiimbe kwa sauti kubwa hivyo.

Utafute wimbo huo uusikilize kama fundi. Hauna kelele wala sauti zinazokwaruzana. Unakwenda taratibu, na hata asiyejua kuimba anaudaka baada ya kuusikia mara moja. Ni wimbo wa kufariji kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini katika giza lile uliwatuliza waliokuwa na hofu na kumtia hofu aliyekuwa na mamlaka. Mwenzako ajiulize: wimbo huo uliuzwa kwa nani?

Hilo lina sababu ya kimwili, nayo ni vizuri uijue kwa kuwa ndiyo zana yako ya kazi. Watu wakiimba pamoja huvuta pumzi mahali pamoja na kuitoa pole pole kwa muda mrefu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo, na kwa kuwa wote wanapumua kwa mafungu yaleyale ya wimbo, mioyo yao huelekea kupanda na kushuka pamoja. Mwili hulipokea jambo hilo kama habari njema: siko peke yangu, naweza kulegea kidogo. Aliyevunjiwa nyumba, ambaye kila kishindo cha usiku humkurupusha, anaipata kwenye kiitikio nafuu ambayo hotuba haiwezi kumpa. Usiidharau.

Ila pumzi haijui siasa. Umati wowote hulegea hivyo, uwe unaimbia haki au unaimbia dhuluma. Nyimbo za chuki nazo huwafariji sana wanaochukia. Na hapa ndipo aibu uliyorudi nayo nyumbani ilikuwa na msingi. Wale waliowasha tochi za simu, ambao nyumba zao zimesimama, walipata joto lote la kuwa pamoja bila kuulizwa chochote. Mtu akimlilia mwenziwe ukumbini huhisi amekwisha kumsaidia. Deni limelipwa kwa machozi, anarudi kulala. Kufariji hakukuwa kosa. Tatizo ni kwamba faraja iliwafikia kwanza watu ambao bado hawajasumbuliwa na lolote.

Angalia pia kiitikio chako kinasema nini, maana watu huondoka na kiitikio na kuziacha beti ukumbini. Mwaka 1984 "Born in the U.S.A.", yaani nimezaliwa Marekani, ya mwimbaji Bruce Springsteen ilivuma kote. Beti zake ni za mtu aliyetumwa vitani Vietnam akarudi nyumbani, kazi hakupata. Kiitikio chake ni kikubwa, cha kuinulia ngumi, nacho ndicho umati ulichokibeba kama wimbo wa kujivunia nchi. Mwaka huohuo, katika kampeni za uchaguzi, Rais Ronald Reagan alimtaja Springsteen jukwaani kama mtu ambaye nyimbo zake zina ujumbe wa matumaini. Beti zilikuwa zinalia, kiitikio kikawa kinashangilia, na kiitikio kikashinda. Hukuniandikia kiitikio chako. Kisome peke yake, bila beti. Kama kinaweza kuimbwa kwenye hafla ya watu walewale waliotoa amri ya kuvunja, bila wao kujisikia vibaya, kibadilishe.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani ndio unaokuuma zaidi.

Mwaka 1939, katika ukumbi wa Café Society huko New York, mwimbaji mweusi Billie Holiday alianza kuimba "Strange Fruit", yaani tunda geni. Shairi lake liliandikwa na Abel Meeropol, mwalimu wa shule, kuhusu watu weusi waliouawa na magenge na kutundikwa mitini. Kampuni iliyokuwa ikimrekodi ilikataa kuugusa, akaurekodi kwa kampuni ndogo. Ninachotaka ukione ni jinsi ulivyoimbwa. Wahudumu walisimamisha kazi, vinywaji vikaacha kupita. Taa zote zikazimwa ikabaki moja, juu ya uso wake. Ulikuwa wimbo wa mwisho wa zamu yake. Ukiisha, hata taa ile moja ilizimwa, na zilipowashwa tena hakuwapo jukwaani. Hakurudi kuinamia makofi, wala hakuna wimbo mwingine uliofuata wa kuwapoza watu. Holiday anasimulia kwamba mara ya kwanza alipomaliza kulikuwa kimya, kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi kwa wasiwasi, ndipo wengine wakafuata.

Giza hili ni tofauti na lile la Tennessee. Kule giza lililetwa na polisi, na wimbo ukalifanya likalike. Huku giza lililetwa na waimbaji wenyewe, kwa watu waliokuja kunywa na kustarehe, ili wasipate pa kukimbizia macho. Na hapakuwa na bati lililogongwa. Sauti ilikuwa ya upole, na mwendo wa polepole. Msikilizaji aliingizwa kwenye picha ya miti na matunda na harufu ya maua, na alipotambua yanayoning'inia ni nini, alikuwa amekwisha kufika ndani.

Hata hivyo, mwenzako asije akadhani wimbo wa kusumbua una kinga. Holiday huyohuyo anaeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba katika klabu moja huko Los Angeles mwanamke alimwomba amwimbie ule wimbo wa kusisimua mwili wenye miili mitupu inayobembea mitini. Hakumwimbia. Kisa hicho kinaniuma kila nikikikumbuka. Wimbo mkali kuliko zote unaweza kulika kama peremende mdomoni mwa mtu aliyeamua kwamba haumhusu.

Tuje kwenye mabati yako. Sauti mbili zilizokaribiana sana zikilia pamoja, mawimbi yake hupigana, na sikio husikia mkwaruzo. Tena ubongo wa msikilizaji muda wote unabashiri noti inayofuata. Ukiunyima ile unayoitegemea, mwili unabaki umekaza ukingoja. Hizo mbili ndizo ulizozitumia: mkwaruzo, na kukata katikati ya neno. Zinafanya kazi, lakini zinayasumbua masikio. Dhamiri hazijaigusa. Mwaka 1960 mtunzi wa Poland, Krzysztof Penderecki, aliandika kipande cha ala 52 za nyuzi kinacholia kama ving'ora na vyuma, na jina alilokipa mwanzoni lilikuwa urefu wake tu: 8'37". Baadaye ndipo alipokitoa kwa ajili ya wahanga wa Hiroshima, na leo watu wakikisikia wanasikia bomu. Noti hazikubadilika hata moja. Siasa iliingia kwa neno.

Kelele ina gharama nyingine. Mtu aliyetishwa hafikiri, anatafuta mlango. Mzee aliyekwambia hakuja kugombezwa alikuwa anakueleza hilo kwa adabu: mwili wake ulishughulika kujikinga, maneno yako hakuyapata. Simtetei moja kwa moja. Huenda alikuwa mmoja wa waliolala salama, na kukerwa kidogo kungemfaa. Lakini alikerwa na bati. Angekerwa na ule ufunguo, asingekuwa na cha kukulaumu.

Kuna njia ninayoipenda kuliko zote, na Nina Simone, mwimbaji mweusi wa Marekani, aliionyesha kwa "Mississippi Goddam", iliyotoka mwaka 1964. Aliitunga kwa hasira baada ya Medgar Evers, mtetezi wa haki za weusi huko Mississippi, kuuawa Juni 1963 na bomu la kanisani Birmingham, Alabama, kuwaua wasichana wanne Septemba mwaka huohuo. Lakini mdundo wake ni wa haraka, wa kuchangamka, kama wimbo wa mchezo wa jukwaani, na katika rekodi ya onyesho la ukumbi wa Carnegie Hall, New York, anawaambia watu hivyo: huu ni wimbo wa maonyesho, ila onyesho lenyewe bado halijaandikwa. Watu wanacheka. Wanasikika kabisa wakicheka. Kadiri beti zinavyokwenda, kicheko kinakauka. Mdundo uliwafungulia mlango, wakaingia wenyewe, maneno yakawafungia ndani. Nani atasema huo ni wa kufariji au wa kukera?

Basi kwa wimbo wako ningefanya hivi. Ningerudi kwenye gitaa na sauti laini. Mabati ningeyaweka chini, au niyabakishe kwa pigo moja tu, mahali pamoja, watu wasipolitarajia. Halafu ningeushika ubeti wa pili. Naamini moyo wa wimbo wako uko pale, na mipangilio yote miwili imeufukia: wa kwanza kwa utamu wa sauti nne, wa pili kwa kelele. Uimbwe na sauti moja, bila ala, na mtu asiyejaribu kulia. Mwambie asiipambe noti ya mwisho. Neno "ufunguo" likishatoka, hesabu pumzi mbili kabla gitaa halijarudi. Nimewahi kukaa kwenye mazoezi ambapo tulinyamazisha ala zote chini ya mstari mmoja tu. Hatukuongeza chochote, na mpiga ngoma wetu, mtu wa maneno mengi, alikaa ameshika vijiti hadi nikamgusa bega. Ukimya wa namna ile hauwafukuzi watu. Kila mmoja huupeleka mkono mfukoni kwake, kwenye ufunguo wake mwenyewe unaofungua mlango uliopo.

Mwisho wa wimbo ndio ubadilike kulingana na waliokaa mbele yako. Ukiwaimbia waliovunjiwa, wape kiitikio, waimbe nanyi, kirudieni hata mara sita, kiishie kwenye noti ya nyumbani ambako mwili unapumzika. Wamekwisha kusumbuliwa na maisha. Hawahitaji somo la usumbufu. Ukiwaimbia ambao jambo hili halijawafika, wasiimbe kiitikio cha mwisho. Muimbe ninyi, mmalize, mkae kimya, msiwapungie mikono. Na msifuatishe papo hapo wimbo wa kuchangamsha kuwapoza. Ukumbi ukiwa na wote wawili, kama mara nyingi unavyokuwa, mimi huchagua upande wa aliyeumia, na naomba nawe uchague hivyo. Watangazie kabla kwamba wimbo unaofuata unahusu usiku wa kuvunjwa nyumba, mlango uwe wazi, na anayetaka kutoka asionekane amevunja adabu. Tangazo hilo halipunguzi makali ya wimbo hata chembe.

Sikufichi kwamba njia hii nayo ina hasara. Wimbo laini ni rahisi kupuuzwa, na kuna wakati jambo limefichwa kwa muda mrefu hivi kwamba kelele ndiyo lugha pekee iliyobaki. Pia huwezi kumpangia mwenye nguvu atakavyousikia. Katika wimbo wake "Zombie", Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, aliwachora askari kama watu wasioenda wala kugeuka mpaka waamriwe. Raia waliucheza kwa furaha, na tarehe 18 Februari 1977 askari walivamia makazi yake Lagos, wakayachoma moto. Hakuna mkwaruzo katika muziki ule. Ni ngoma tamu mno. Kwa hiyo usidhani upole wa sauti utakulinda: kama maneno yako yanataja jina la mtu, cheo au kampuni, tafuta mwanasheria aketi nawe asome mashairi mstari kwa mstari kabla hujarekodi. Na kuhusu mpangilio wa sauti, mwalimu wa kwaya atakayekaa nanyi chumbani jioni moja atasikia mambo ambayo mimi siwezi kuyasikia kwenye karatasi.

Limebaki la yule mama, nalo si la muziki tena. Mtu kukosa usingizi siku chache baada ya kukumbushwa tukio zito ni jambo linalotokea sana, na mara nyingi hupungua lenyewe. Lakini kama umepita mwezi na bado halali, anaota usiku ule, anashtuka kwa mlio wa bati au wa gari kubwa, au anakwepa watu na mahali panapomkumbusha, anahitaji kuonana ana kwa ana na daktari au mshauri wa afya ya akili. Akisema hataki kuishi, iwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani. Msijaribu kumtibu kwa mazoezi ya kwaya. Angalia pia waimbaji wako kumi na wanne. Kama wamo waliopitia hayo, waulize mmoja mmoja, faraghani, kama wanataka kuendelea kuuimba.

Hukuniambia kama mama aliyetoka akitetemeka ndiye mwenye ufunguo. Kama ndiye, alisikia maisha yake yakigongewa mabati mbele za watu, na hakuna mpangilio utakaolirekebisha hilo kabla hujaenda kukaa naye. Nenda bila gitaa. Muulize kwanza kama yuko tayari kuusikia ubeti ule, na akikubali, mwimbie kwa sauti yako tu, kisha unyamaze. Akiruhusu uimbwe, muulize uimbwe vipi, na siku ya onyesho angependa akae wapi, karibu na mlango au katikati yenu. Akikataa, ubeti huo utoe.